Tohara ya Mtu Mzima: Wiki Sita Baada ya Kisu

Baridi imeingia Njombe na foleni imeanza. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ambayo wanaume wa huku hujitokeza kwa wingi kutahiriwa, kwa sababu wazee walituachia neno kwamba kidonda hupona upesi wakati wa baridi. Nafanya tohara ya kitabibu mwaka mzima, na nasema wazi: kidonda kinachotunzwa hupona Juni na hupona Desemba. Asubirie baridi anayetaka, lakini asije akadhani baridi itamtunzia kidonda.

Nimeandika haya kwa ajili ya wanaorudi kwetu wakitembea kwa kuchanua miguu, nyuzi zimeachia, siku ya tatu au wiki ya tatu. Wiki hii nimempokea kijana wa kupasua mbao. Alifanyiwa Jumatatu, Alhamisi akapanda msituni kubeba magogo kwa kuwa “halikuwa linauma tena.” Bendeji ilikuwa imegandana na damu na suruali, ikatubidi kuilowesha kwa maji ya chumvi karibu nusu saa ndipo tukaona ndani. Kidonda kilikuwa wazi upande wa chini, penye ule mshipa mwembamba unaoshika govi. Amepona, ila badala ya kupumzika siku chache amekaa nyumbani majuma matatu bila kipato.

Kwa mkoa wetu tohara si jambo la usafi tu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa Njombe watu wa miaka 15 na kuendelea wanaoishi na VVU ni asilimia 12.7, wakati kitaifa ni asilimia 4.4. Majaribio matatu yaliyofanyika Orange Farm huko Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda yalionyesha kuwa tohara hupunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na UKIMWI, wakaipendekeza. Sitini si mia. Nimeulizwa na mtu mwenye shahada yake kama sasa anaweza kuachana na kondomu. Hawezi. Wala tohara ya mume haimkingi mke moja kwa moja: huko huko Rakai wanaume ambao tayari walikuwa na VVU walitahiriwa, na haikuonekana kuwa wake zao walikingwa kwa hilo.

Sasa utaratibu. Unafika mapokezi, unaandikishwa, unapewa kadi yenye namba. Usiipoteze, ndiyo utakayorudi nayo. Unaingia kwa mshauri. Kipimo cha VVU utashauriwa upime, lakini hulazimishwi. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inataka ridhaa ya mpimwaji na inamtaka mtoa huduma atunze siri ya majibu. Ukikataa kupima hufukuzwi. Kisha fomu ya ridhaa. Mwenye miaka 18 na zaidi anasaini mwenyewe, wala haihitajiki saini ya mke, ingawa ningependa mke awepo, na nitaeleza kwa nini. Aliye chini ya miaka 18 anasainiwa na mzazi au mlezi anayetambulika, na kijana mwenyewe lazima awe amekubali. Mjomba anayeshuka kwenye bodaboda na watoto wa dada yake bila mzazi wala barua tunamrudisha, hata akipiga kelele namna gani. Tunaomba asitukasirikie.

Halafu uchunguzi. Kisonono, kaswende, kidonda au usaha wowote: tunatibu kwanza, tohara baadaye. Sema ukweli kama una kisukari, shinikizo la damu, kama ukikatwa au kung’olewa jino damu huchelewa kukata, au unameza aspirini. Aliyezaliwa na tundu la mkojo upande wa chini wa uume hatumtahiri. Govi lile daktari bingwa atalihitaji kumrekebisha. Aliyepitia jandoni na bado ana govi kiasi aje tumwangalie, asione haya.

Tunakupima uzito, na wengi huuliza mizani inahusu nini. Inahusu ganzi. Kiwango cha juu ni miligramu 3 za lignokeini kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 60 hazidishiwi miligramu 180, yaani mililita 18 za dawa ya asilimia 1. Sindano inachomwa kwenye shina la uume, inauma kwa muda mfupi, kisha unabaki kuhisi kuguswa tu. Kazi yenyewe haizidi nusu saa kwa kawaida. Unapumzika nusu saa nyingine, tunapima tena shinikizo la damu, tunaangalia bendeji, ndipo unaruhusiwa. Ukitaka kuondoka kabla ya hapo hatukuruhusu.

Kuna maneno kwamba magovi yanauzwa. Hayauzwi. Yanaingia kwenye chombo cha taka hatarishi na kwenda kichomea taka au shimo la kondo la nyuma. Na wale wanaofananisha tohara ya mwanaume na ukeketaji, au wanaotaka “na mabinti tuwafanyie hapo hapo”, wajue kuwa kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu kinampa anayemkeketa binti wa chini ya miaka 18 kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, pamoja na kumlipa fidia aliyekeketwa. Mzazi au mlezi anayemkeketesha naye yumo.

Turudi kwenye kidonda, kwa maana hapo ndipo kazi inapotoka mikononi mwetu na kuingia mikononi mwako. Siku mbili za kwanza usiloweshe bendeji. Vaa chupi inayobana kiasi, uume ukielekea juu tumboni, ukining’inia unavimba. Baada ya saa 48 unarudi tunaitoa bendeji. Kuanzia hapo osha mara mbili kwa siku kwa maji safi na sabuni ya kawaida, kausha taratibu. Basi. Hakuna majivu, hakuna kinyesi cha ng’ombe, hakuna mizizi, hakuna unga wa vidonge vya rangi mbili. Hili linaniumiza kuliko yote. Mama zetu huchanjwa pepopunda wakiwa wajawazito. Wanaume wengi hawajaguswa na chanjo hiyo tangu utotoni, na vimelea vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi. Taya likianza kukaza au shingo kukakamaa, hata siku ya kumi na kadonda kanaonekana kazuri, usilale nyumbani.

Alfajiri uume utasimama na nyuzi zitavuta. Ni kawaida. Amka, nenda haja ndogo, tembea kidogo, utalegea. Nyuzi huyeyuka zenyewe, usizivute. Siku ya saba unarudi tena, hata kama huumwi. Wengi wanaikimbia siku hii, na ndiyo siku tunayogundua usaha uliojificha chini ya gamba.

Kisha wiki sita bila tendo la ndoa, bila kujichua. Wiki ya tatu ngozi ya juu imefunga na mwenye nayo anaona amepona. Chini yake bado ni changa, inachanika kwa msuguano mdogo, na mchaniko huo ni mlango wa VVU kuingia au kutoka. Kinga uliyoifuata unaigeuza kuwa hatari. Ndiyo maana nataka mke aje asikie mwenyewe. Mama mmoja aliyekuja na mumewe alihesabu juma kwa juma, akaandika tarehe ya mwisho kwa kalamu nyuma ya kadi, akaiweka kwenye kabati la vyombo. Mumewe alirudi wiki ya sita, kidonda kimefunga sawasawa. Na kwa wanaohofia nguvu za kiume: majaribio ya Kisumu na Rakai yaliliangalia hilo na hayakuona zikipungua.

Wazee mnaoona haya kupanga foleni na vijana, mwambieni mtu wa mapokezi bila kueleza mengi. Tunapanga saa yenu. Damu ikilowesha bendeji hadi kudondoka, mkojo ukigoma, homa ikipanda au uvimbe ukiongezeka baada ya siku ya pili, bonyeza pale panapovuja kwa kitambaa safi na uje usiku huo huo na kadi yako. Mlango wa dharura haufungwi.