Je, wajua? Mota ya stepa ina nguvu zaidi ikisimama kuliko ikikimbia

Mtu akienda Kariakoo kutafuta mota ya stepa, yaani mota inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo zinazohesabika, swali la kwanza kwa muuzaji ni "hii inabeba kilo ngapi?", muuzaji anaangalia karatasi yake anasema kilo nne kwa sentimita, basi jamaa analipa, anaenda kuifunga kwenye mashine yake, ikienda taratibu iko poa kabisa, akiongeza spidi inaanza kutetemeka na kulia grrrr na shafti haiendi popote. Hapo lawama zinaanza, mara mota feki, mara draiva feki (ile bodi ndogo inayoipa mota umeme), mara pawa saplai ndogo. Mara nyingi hakuna feki hata kimoja hapo. Namba ya kwenye karatasi ni ya kweli ila inaongelea mota ikiwa imesimama, na wewe mashine yako haikujengwa isimame.

Tuanze na hiyo namba yenyewe. Torki ni nguvu ya kuzungusha, yaani nguvu mara umbali kutoka katikati ya shafti. Kilo nne kwa sentimita maana yake ukifunga mkono kwenye shafti, yaani kipande kirefu cha mbao au chuma kinachotokeza pembeni, ukaning'iniza kilo nne kwenye umbali wa sentimita moja, mota inashika, ila ukisogea mpaka sentimita kumi itashika gramu mia nne tu. Kwa vipimo vingine hiyo ni kama nyutoni-sentimita 40, na ndiyo unayokutana nayo kwenye mota nyingi za saizi inayoitwa NEMA 17 zenye urefu wa milimita 40 hivi. Na watu wengi hapa wanachanganya, hiyo 17 haisemi chochote kuhusu nguvu, ni upana wa uso wa mota tu, inchi 1.7 ambayo ni kama milimita 42, ndiyo maana unaweza ukakuta NEMA 17 mbili kwa mbele zinafanana kila kitu, matundu ya skrubu yaleyale, moja fupi nyingine ndefu, na nguvu zimepishana mara mbili au zaidi.

Sasa kwa nini ikikimbia inalegea? Ndani ya mota hizi kuna rota, ile sehemu inayozunguka, yenye sumaku na meno 50, na kuizunguka kuna koili zilizogawanywa makundi mawili. Draiva inageuza umeme kwenye makundi hayo kwa zamu, kila hatua nne rota inasogea jino moja, nne mara hamsini ndiyo unapata zile hatua 200 za mzunguko mmoja, nyuzi 1.8 kwa hatua. Mota ikisimama, umeme kwenye koili umeshatulia kwenye kiwango chake, kwa hiyo sumaku ya koili ina nguvu zake zote. Ikianza kuzunguka draiva inabidi igeuze umeme kila mara, na koili kwa asili yake inapinga mabadiliko ya umeme, haijai papo hapo. Fikiria ndoo chini ya bomba, ukiiacha muda wa kutosha inajaa, ila ukilazimishwa kuiondoa haraka haraka utakuwa unaondoka na nusu ndoo, robo ndoo, na kadiri unavyoharakishwa ndivyo unavyoondoka na maji kidogo.

Tuweke hesabu uone inavyobana. Chukua mota ya ampea 1.7 yenye indaktansi (kipimo cha jinsi koili inavyopinga mabadiliko ya umeme) ya milihenri 2.8, ni mota ya kawaida kabisa. Ukiipa volti 12, umeme unahitaji kama milisekunde 0.4 kupanda kutoka sifuri mpaka ampea 1.7. Ukitaka izunguke mara 10 kwa sekunde, hiyo ni hatua 2000 kwa sekunde, yaani kila hatua ina milisekunde 0.5 tu. Na koili yenyewe haianzii sifuri, inatoka kwenye umeme wa upande mmoja inakwenda upande wa pili, kwa hiyo ni kama mara mbili ya ule muda. Hatua inaisha umeme haujafika! Na bado hujahesabu kwamba mota ikizunguka inakuwa jenereta, inazalisha volti zake zinazosukumana na zile za pawa saplai. Hapo ndipo torki inapopotelea.

Ndiyo maana dawa ya spidi ni kuongeza volti, presha ya bomba ikiwa kubwa ndoo inajaa mapema. Kwa volti 24 ule muda unakuwa nusu. Watu wanaogopa kwa sababu ukipiga hesabu ya mota hiyohiyo, ampea 1.7 mara omu 1.5 za koili yake, unapata volti 2.55 tu, wanasema nikiweka 24 itaungua. Haiungui kama unatumia draiva inayokata umeme yenyewe ukifika kiwango ulichoset, kama A4988, DRV8825 au TMC2209, hizo zote zinalinda ampea na volti zinatumika tu kuharakisha. Ila hakikisha hujapita kikomo cha draiva yenyewe, A4988 mwisho wake ni volti 35.

Na hapo kwenye kuset ampea ndipo pana kitu ambacho wengi hawakijui, na kinafanya watu wapime mota wapate chini ya nusu ya namba ya karatasi halafu waseme wameibiwa. Karatasi inapima makundi yote mawili ya koili yakiwa na ampea kamili, 1.7 na 1.7. Draiva kama A4988 ukiiset ampea 1, mota ikisimama kwenye hatua nzima kila kundi linapata asilimia 70 tu ya hapo, yaani ampea 0.7. Torki inafuatana na ampea karibu sawasawa, kwa hiyo 0.7 gawanya kwa 1.7 ni kama asilimia 41, mota ya 40 inakupa kama 16 au 17. Hiyo mota ni nzima kabisa. Kabla ya kupima chochote chukua mita, pima volti kwenye kile kiskrubu kidogo cha draiva, kwa A4988 volti hiyo ni ampea unazotaka mara 8 mara omu za kizuizi kidogo cha kwenye bodi. Kama kizuizi kimeandikwa R100, ampea 1 ni volti 0.8, kama ni R050 ni volti 0.4, kwa hiyo kisome kwanza, bodi hazifanani. Na usichomoe waya wa mota draiva ikiwa na umeme, draiva nyingi zinakufa hivyo.

Haya, kupima. Huhitaji mashine ya maabara. Unahitaji kipande cha mbao au alumini, uzi, chupa tupu ya maji ya nusu lita, na bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe. Funga mota kwenye ukingo wa meza isitikisike, funga mkono kwenye shafti uwe umelala sawa kabisa, weka alama sentimita 10 kamili kutoka katikati ya shafti, sio kutoka ukingoni mwa shafti, na ning'iniza chupa hapo. Washa draiva bila kuzungusha. Sasa mimina maji kwa lile bomba, moja moja, taratibu bila kutikisa.

Uzuri wa vipimo hivi ni kwamba mililita 10 za maji ni gramu 10, na gramu 10 kwenye umbali wa sentimita 10 ni karibu kabisa nyutoni-sentimita 1. Kwa hiyo unahesabu mabomba tu! Mabomba 17 ni torki ya 17. Ongeza uzito wa chupa yenyewe, na uzito wa mkono hesabu nusu yake kama umeishia palepale kwenye alama.

Angalia ncha ya mkono kwa makini wakati unamimina, hapa ndipo penye utamu wote. Utaona inashuka kidogo kidogo, mota haijashindwa bado, ndivyo inavyofanya kazi, rota lazima isogee kidogo kutoka mahali pake ndipo sumaku ivute kurudisha. Mvuto unazidi mpaka rota imesogea hatua moja nzima, nyuzi 1.8, ambayo kwenye ncha ya sentimita 10 ni kama milimita 3. Hapo ndipo kilele. Tone moja zaidi, mkono unaachia na kudondoka. Na mota ikiachia haipotezi hatua moja, rota inaenda kudakwa kwenye jino linalofuata, yaani hatua nne mbele, nyuzi 7.2. Hii inasaidia sana kutafuta kosa, kama mashine yako ya kuchora imehama na ukipima umbali ni hatua nne, nane, kumi na mbili, basi mota ilizidiwa. Kama imehama kwa hatua moja au mbili, kaangalie programu, waya au puli iliyolegea skrubu.

Hicho kilikuwa kipimo cha kusimama. Cha kukimbia ndicho chenye maana zaidi kwenye mradi wako na ndicho watu wanakiruka. Toa mkono, weka puli au kidude cha mviringo chenye nusu kipenyo cha sentimita 1, funga uzi mwembamba na chupa iwe chini sakafuni, chini yake weka kipande cha godoro maana itadondoka tu. Kwa nusu kipenyo hicho gramu 100 ni karibu nyutoni-sentimita 1, hesabu bado rahisi. Iambie mota inyanyue chupa kwa spidi ndogo, ikiweza ongeza spidi, ikiachia andika spidi na uzito, punguza maji, endelea. Ukichora hizo namba kwenye karatasi utapata mstari unaoshuka, na huo mstari ni wa mota yako, draiva yako na pawa saplai yako, una thamani kuliko karatasi ya dukani. Uzi usijipange tabaka juu ya tabaka, kila tabaka linaongeza kipenyo na kuharibu hesabu.

Mambo mawili yatakayokuchanganya kwenye kipimo hiki. Moja, usianze na spidi kubwa moja kwa moja, mota ya stepa haiwezi kuruka kutoka sifuri mpaka mizunguko mitano kwa sekunde ikiwa na mzigo, ipandishe polepole, programu ya AccelStepper inafanya hivyo. Mbili, hiyo AccelStepper kwenye Arduino Uno, ile bodi inayoiamuru draiva, inafika kama hatua 4000 kwa sekunde tu, sasa kama umeweka mikrostepu 16, yaani draiva inagawa kila hatua vipande 16, hizo 4000 ni hatua kamili 250, ni mzunguko mmoja na robo kwa sekunde. Mtu anasema mota haina spidi kumbe bodi ndiyo imefika mwisho. Halafu kuna spidi fulani za chini ambapo mota inatetemeka vibaya na kuachia hata na mzigo mdogo, ukipita hapo inatulia, hiyo ni mitetemo inayolingana na mota yenyewe na mikrostepu inaipunguza sana.

Joto nalo. Mota kuwa ya moto mpaka huwezi kuishika muda mrefu sio ugonjwa, nyingi zimetengenezwa koili zihimili mpaka nyuzi 130, na stepa inakula umeme hata ikisimama. Ila kwa joto hili la Dar la Januari na Februari, chumba kiko nyuzi 32 kabla hujawasha kitu, mota inafika 65 kirahisi, na kama umeishikilia kwa kipande kilichochapwa kwa plastiki ya PLA, plastiki hiyo inalainika kwenye kama nyuzi 60. Kishikio kinapinda, mkanda unalegea, unaanza kulaumu torki.

Sasa tumia namba zako kwenye kitu halisi, mfano mashine ya kuangulia vifaranga, maana vijana wengi wanazitengeneza. Trei ya mayai 30, yai moja tuseme gramu 60, ni kilo 1.8. Ukiweka bawaba pembeni ya trei yenye upana wa sentimita 30, uzito unakaa sentimita 15 kutoka kwenye bawaba, unahitaji nyutoni-sentimita kama 265, NEMA 17 ya 40 haigusi hapo hata ikiwa imesimama. Hamisha bawaba katikati ya trei, mayai ya huku yanabalansi na ya kule, kinachobaki ni msuguano na tofauti ndogo za uzito. Mota ileile inageuza trei bila shida, na kwa kuwa kazi yenyewe ni ya taratibu, volti 12 zinatosha kabisa. Mashine ya kuchora ni kinyume chake, mzigo mwepesi ila spidi, huko ndiko weka volti 24, na chochote ulichopima kwa chupa kwenye spidi unayotaka, panga mradi wako utumie nusu yake tu, maana siku vumbi likijaa kwenye reli msuguano unaongezeka.