Somo la balehe lisisubiri ungo

Kila ninapoalikwa na shule ya msingi huku Temeke kufundisha balehe, hakosi mzazi au mwalimu wa kuniuliza kama darasa la tano si mapema mno. Namwelewa. Kwa Wazaramo na jamii nyingi za pwani, binti huwekwa chini na kufundwa akishavunja ungo. Hapo ndipo somo, yaani mwanamke wa kumfunda, anapoitwa. Lakini mwili huwa umeshaanza safari zamani. Kwa wasichana wengi dalili ya kwanza ni kifundo kidogo kinachouma chini ya chuchu, mara nyingi upande mmoja kabla ya mwingine, na kinaweza kutokea wakati wowote kati ya miaka 8 na 13. Hedhi hufuata baada ya miaka miwili hivi, au zaidi. Miaka yote hiyo mtoto anaweza kuwa anadhani ana uvimbe, asimwambie mtu, na huku wenye nia mbaya mtaani wameshaona kwamba anakua.

Wavulana ndio tunaowasahau kabisa. Kwao huanza kati ya miaka 9 na 14: kende hukua kwanza, sauti nzito huja baadaye sana. Kuna ndoto nyevu, na wengi huvimba matiti kidogo, kisha yanapungua yenyewe. Mvulana asiyeambiwa haya huvaa sweta juani Dar nzima ikitoka jasho.

Darasani nagawa vikaratasi. Kila mmoja lazima aandike kitu, hata kama ni "sina swali", ili anayeandika swali zito asijulikane. Majibu nayatoa mbele ya wote, wasichana na wavulana pamoja. Swali linalojirudia ni la hedhi iliyokuja mara moja ikapotea. Nawaambia kwamba mwanzoni mzunguko huyumba, unaweza kuwa wa siku 21 au hata 45. Naongeza jambo ambalo walimu wengine hulikwepa: yai linaweza kutoka kabla damu ya kwanza haijaonekana, kwa hiyo msichana anaweza kupata mimba kabla hajavunja ungo. Kisha nabandika pedi kwenye chupi mpya, wote wakiona, na kuimwagia maji yenye rangi. Wavulana hucheka dakika ya kwanza, halafu wanaanza kuuliza maswali ya maana. Wanaotumia vitambaa nawasisitizia waanike juani, wasifiche uvunguni vikabaki na unyevu.

Hapo hapo, katika kipindi kile kile, naingia kwenye usalama. Kumwonya mtoto juu ya "watu usiowajua" hakutoshi, maana watoto wengi wanaodhuriwa hudhuriwa na wanaowajua. Ni boda wa kijiweni anayempa lifti asubuhi konda wa daladala anapokataa wanafunzi. Ni jirani wa nyumba ya kupanga anayemnunulia chipsi, au binamu aliyekuja kutembea akalazwa naye kitanda kimoja. Huanza na wema, kisha hufuata neno "usimwambie mama". Hilo ndilo ninalotaka walikumbuke kuliko mengine yote: mtu mzima akikutaka ufiche jambo la mwili wako, lisemwe siku hiyo hiyo, hata kama ulishakula chipsi zake.

Tatizo kubwa ni kwamba tumewalea kutii wakubwa. Sitaki waache kuamkia. Tunafanya mazoezi kwa sauti, darasa zima: "Shikamoo. Sitaki. Namwambia mama." Mara ya kwanza hutoka kama mnong'ono, narudia mpaka darasa la jirani lisikie. Nawaambia pia kwamba mwili unaweza kuganda kwa hofu, ukashindwa kupiga kelele wala kukimbia, na kuganda si kukubali. Mwisho kila mtoto huandika watu wazima watatu wa kuwaambia, mmoja wao asiwe wa nyumbani kwao.

Nanyi mtakaoambiwa, msimwulize mtoto alikuwa anafuata nini kule. Mwambieni mnamwamini. Msimwogeshe wala kufua nguo zake. Ziwekeni kwenye mfuko wa karatasi. Mfikisheni hospitali haraka, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi, na namba 116 hupigwa bure. Habari ya "tuyamalize kifamilia" haipo: Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa wajibu wa kuripoti. Na hata saa 72 zikiwa zimepita, mpelekeni tu; bado kuna matibabu, ushauri nasaha, na maelezo yake mwenyewe ni ushahidi.