Nishati ya atomiki Marekani: nani hasa aliisimamia?

Wengi huamini kwamba Bunge la Marekani liliidhinisha bomu la atomiki likijua linachokifanya. Sivyo. Karibu dola bilioni 2 za mradi wa siri wa kutengeneza bomu hilo zilipita ndani ya bajeti za vita, na wabunge waliojua zinakokwenda walikuwa wachache mno. Mwaka 1943 Harry Truman, wakati huo seneta aliyeongoza kamati ya kuchunguza matumizi ya vita, aliombwa na Waziri wa Vita Henry Stimson aache kuulizia viwanda vya mradi huo, akaacha. Alielezwa kwa kina Aprili 25, 1945, akiwa tayari Rais. Kama seneta alizuiwa, mchimbaji wa Shinkolobwe kule Katanga, katika Kongo iliyokuwa koloni la Ubelgiji, ilikotoka sehemu kubwa ya urani (madini ya kutengenezea bomu) ya mradi huo, angemuuliza nani? Yeye hakuwa na mwakilishi Washington wala Brussels.

Dhana ya pili inadanganya zaidi: eti usiri ulikwisha Januari 1, 1947, Tume ya Nishati ya Atomiki iliyoongozwa na raia ilipochukua kazi kutoka kwa jeshi. Sheria ya 1946 iliyoiunda ndiyo hiyohiyo iliyofanya taarifa za silaha za nyuklia ziwe siri tangu zinapoandikwa, bila kungoja mtu azigonge muhuri. Desemba 1949 Hanford, kiwanda cha Tume cha kutengeneza plutoniamu ya mabomu katika jimbo la Washington, kiliachia hewani iodini yenye mionzi kwa makusudi. Iodini hiyo hutua kwenye majani, ng'ombe akala, ikafika kwenye maziwa ya mtoto. Wakazi wa huko walikuja kuambiwa mwaka 1986. Hilo haliwezi kuitwa uwajibikaji, hata kama wakubwa walikuwa raia.

Wengine husema Bunge halikuwa na meno. Lilikuwa nayo. Kamati ya pamoja ya kuisimamia Tume, yenye maseneta 9 na wawakilishi 9, ilikuwa na haki kisheria ya kuarifiwa kila kitu. Tatizo ni kwamba ilikuwa mshabiki mkubwa wa kile ilichopaswa kukichunguza. Nayo sheria ya 1954 iliipa Tume kazi mbili zinazogongana: kukuza vinu vya nyuklia vya umeme na kuvidhibiti. Tathmini ya 1965 kuhusu madhara ya ajali kubwa ya kinu ilifichwa hadi 1973. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kuivunja Tume, udhibiti ukapewa chombo chake, na mwaka 1977 kamati nayo ikafutwa.