Kwa nini kuchemsha maji hakuondoi floraidi?

Katika vijiji vingi vinavyouzunguka Mlima Meru, mkoani Arusha, ni kawaida kukutana na watu wenye meno ya madoa ya kahawia. Chanzo chake ni floraidi, ambayo maji huibeba yanapopita katika miamba ya volkano, na ambayo huliharibu jino lingali likijengeka utotoni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo vyanzo vya huku vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba maji yakichemka sawasawa floraidi huisha, na imani hiyo ningali nakutana nayo. Kuchemsha huua vijidudu, na kwa hilo kuendelee. Lakini floraidi si kiumbe cha kufa, wala haipandi na mvuke. Chukua lita 4 za maji yenye miligramu 3 kwa kila lita, yaani miligramu 12 kwa jumla, uyachemshe hadi zibaki lita 3: miligramu zote 12 zingalimo sufuriani, na sasa kila lita ina miligramu 4. La kustaajabisha ni kwamba utenganishaji umefanyika kweli, kwa kuwa matone yaliyoning'inia chini ya kifuniko karibu hayana floraidi kabisa. Ila tunachokunywa ni kile kilichobaki sufuriani. Kitambaa cha kuchujia nacho hakifai, kwa sababu kilichoyeyuka hupita pamoja na maji.

Kinachofaa ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kimeushughulikia kwa muda mrefu. Mkaa huo hautegemei udogo wa matundu yake. Ufikirie kama daladala ambayo viti vyake, vilivyoundwa kwa kalsiamu na fosfeti, vimekaliwa na abiria aitwaye haidroksili, yaani oksijeni na haidrojeni zilizoungana; floraidi, ambayo ukubwa na chaji yake ya umeme vinakaribiana na vya abiria huyo, humwondoa na kukaa mahali pake, kisha kalsiamu huishikilia kwa nguvu zaidi. Viti vikijaa, maji hutoka na floraidi yake yote ingawa kwa macho ni maangavu, na hapo mkaa hauna budi kubadilishwa. Muda wa kuubadilisha haulingani kila nyumba, kwani hutegemea wingi wa floraidi, matumizi ya maji na namna mifupa ilivyochomwa: moto hafifu huacha harufu na rangi majini, na moto mkali kupita kiasi hupunguza uwezo wa kushika.

Mvuto huohuo wa kalsiamu ndio unaoiingiza floraidi katika meno na mifupa ya mtoto, kwa hiyo ndani ya chujio mfupa wa ng'ombe huipokea kabla haijamfikia.