Oili chafu, lami na jua: saratani ya ngozi inayotokana na kazi

Mafundi wengi wa gereji wana tambara moja lisilotoka mfukoni. Linafuta spana, linafuta mikono, kisha linarudi mfukoni likiwa limelowa oili chafu. Kwa fundi mwenye ngozi nyeusi, sisi wa kliniki ya ngozi tunaliulizia tambara hilo kabla hatujauliza habari za jua.

Oili inapofanya kazi ndani ya injini joto huibadilisha, na humo huzaliwa kemikali zinazosababisha saratani. Ndiyo maana oili iliyokwisha kutumika ni hatari kuliko mpya. Kemikali hizo hupenya ngozi, na mwili unapojaribu kuzivunjavunja, baadhi hugeuka na kunasa kwenye vinasaba vya seli. Madhara huchukua miaka mingi kujitokeza, kwa hiyo fundi wa miaka 25 akitazama mikono yake haoni tatizo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1775 Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, aliandika kuhusu wasafishaji wa mabomba ya moshi waliopata saratani ya mfuko wa korodani kwa sababu ya masizi yaliyokaa kwenye mikunjo ya ngozi. Walianza kazi wakiwa watoto, wakaugua ukubwani. Baadaye ugonjwa huohuo uliwapata wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire, ambao suruali zao zililoweshwa na mafuta ya mashine. Ovaroli yenye oili inayovaliwa wiki nzima bila kufuliwa inafanya kazi ileile.

Kwa hiyo vaa glovu zisizopitisha mafuta, fua ovaroli mara kwa mara, tambara lisikae mfukoni. Usinawe kwa petroli: inaondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuacha mipasuko inayorahisisha sumu kupenya. Sabuni na maji vinatosha, hata kama weusi wa kwenye kucha utabaki. Na wanaopaka mbao oili chafu kuzuia mchwa, tena kwa mikono mitupu, nao wamo.

Lami inayotokana na makaa ya mawe imethibitika kusababisha saratani ya ngozi; ile ya barabarani, itokanayo na mafuta ghafi, ushahidi wake ni hafifu zaidi. Ila lami ya moto inaunguza, na kovu la moto au kidonda sugu kinaweza kugeuka saratani baada ya miaka mingi. Kidonda kisichopona, kinachoota nyama au kutoa damu juu ya kovu la zamani, kikatwe kipande kidogo kipimwe. Kukifunga bandeji mpya kila wiki si matibabu.

Nguzo za kijani zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa mara nyingi zina aseniki, nayo husababisha saratani ya ngozi. Vipande vyake visitumike kama kuni kamwe, maana moshi na majivu yake vina sumu.

Jua sasa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalikadiria kuwa karibu kifo kimoja kati ya vitatu vya saratani ya ngozi isiyo melanoma (ile inayoanzia kwenye seli za rangi ya ngozi) kinatokana na kufanya kazi juani. Ngozi nyeusi ina kinga kubwa. Mtu mwenye ualbino hana, na saratani humpata akiwa bado kijana. Kumpa kazi ya kukusanya ushuru sokoni mchana kutwa ni kumdhuru. Apangiwe kazi ya ndani, na akitoka avae kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua, kama Kilisun yanayotengenezwa Moshi.

Vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri, bila kumkata mfanyakazi mshahara. Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inasema hivyo. Ukifika hospitali, mtajie daktari kazi zote ulizowahi kufanya, hata uliyoiacha miaka 20 iliyopita, na uhakikishe zimeandikwa kwenye faili. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi utahitaji maandishi hayo endapo utadai fidia.