Kayamba linapokwaruza, kagua kichujio cha DAC

Ukirekodi kwaya hapa Arusha, sauti za waimbaji hazisumbui sana. Kayamba na makofi ndivyo vinavyoumbua vifaa: mchakacho unageuka mkwaruzo, na lawama zote anabebeshwa maikrofoni. Kabla ya kununua nyingine, kagua kichujio cha dijitali kilicho ndani ya DAC, yaani kile kifaa kinachogeuza namba za faili kuwa umeme wa spika.

Faili la 44.1 kHz, yaani lenye sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, haliwezi kubeba masafa yanayozidi 22.05 kHz. Lakini namba zikigeuzwa umeme, kila mlio huzaa kivuli ng'ambo ya mpaka huo. Mlio wa 19 kHz hutoka na kivuli cha 25.1 kHz. Kivuli chenyewe hukisikii, ila amplifaya yenye kasoro huchanganya viwili hivyo na kutoa tofauti yao, 6.1 kHz, nayo inasikika waziwazi.

Kichujio kikali hukata vivuli na kuacha masafa yote hadi 20 kHz yakiwa sawa. Gharama yake ni mtetemo wa karibu 22 kHz unaozunguka kila mlio wa ghafla. Kile cha linia fezi hutetema kabla na baada ya pigo. Cha minimamu fezi hutetema baada tu, ila huchelewesha kidogo masafa ya juu. Kichujio laini hutetema kidogo, lakini hupunguza masafa ya juu na kupitisha vivuli. DAC isiyo na kichujio kabisa hupoteza takriban 3.2 dB kwenye 20 kHz. Kwa kayamba hiyo si hasara ndogo.

Unaweza kukiona kichujio chako. Tengeneza kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, faili la 44.1 kHz lililo kimya, kisha inua sampuli moja tu hadi 0.5. Licheze faili hilo kupitia DAC, na urekodi kwa kifaa cha pili kwa 192 kHz. Lazima kiwe cha pili, kwa sababu intafesi moja (kifaa cha kuingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta) kwa kawaida haiendeshi kasi mbili kwa wakati mmoja. Kuza picha: utaona mawimbi madogo, kila moja likichukua sampuli tisa hivi. Yakiwa pande zote mbili sawasawa, hiyo ni linia fezi. Hakikisha kwanza kompyuta nayo imewekwa 44,100. Ikiwa 48,000, unapima kichujio cha kompyuta, si cha DAC.

Mimi huchagua linia fezi kali. Mtetemo wake uko juu ya masikio ya watu wazima wengi, wakati upungufu wa kichujio laini unashuka hadi pale wanaposikia.

Ila kosa linaloharibu kazi nyingi zaidi ni sauti kujazwa hadi 0 dB, kiwango cha juu kabisa ambacho sampuli za faili zinaweza kufika. Kichujio huchora wimbi linalopita katikati ya sampuli, na kilele chake kinaweza kuwa juu kuliko sampuli zenyewe: mlio wa 11.025 kHz ambao sampuli zake zote zinagusa 0 dB una kilele halisi cha +3 dB. Kichujio kisicho na nafasi ya ziada juu ya 0 dB hukata kilele hicho, na mkwaruzo huo hauondoki kwa kubadili aina ya kichujio. Shusha 3 dB kwenye programu ya kuchezea. Kupunguza kitufe cha amplifaya hakusaidii, maana sauti imeshakatwa kabla ya kufika huko.