Tofauti kati ya habu, swichi, ruta na modemu

Habu, swichi na ruta ndogo hufanana kwa sura: kisanduku chenye matundu ya kuchomeka nyaya na vitaa vinavyomemeteka. Kinachovitofautisha ni kile ambacho kila kifaa hukisoma katika data inayopita kabla ya kuamua pa kuipeleka.

Habu haisomi chochote. Ishara ya umeme inayoingia kwenye tundu moja hutolewa kupitia matundu mengine yote, hata kama ujumbe ni wa kompyuta moja tu, na kompyuta mbili zikituma kwa wakati mmoja, ishara zao hugongana na hulazimika kutumwa upya. Ni vigumu leo kuona sababu ya kuinunua.

Swichi husoma anwani ya MAC, yaani namba ya biti 48 ambayo kadi ya mtandao kwa kawaida hupewa kiwandani. Haihitaji kuelezwa nani yuko wapi, kwani kila fremu, yaani kifurushi cha data, inapoingia, huchukua anwani ya mtumaji na kuiandika kwenye jedwali lake pamoja na tundu ambamo fremu hiyo imepitia. Baadaye, data inayomhusu mwenye anwani hiyo hupelekwa kwenye tundu hilo peke yake. Ikikutana na anwani isiyomo kwenye jedwali, hufanya kama habu: husambaza fremu kwenye matundu yote mengine, na mhusika akijibu, swichi inakuwa imeshamjua.

Ruta huunganisha mitandao tofauti, nayo husoma anwani ya IP, yaani namba inayoonyesha kifaa kimo katika mtandao gani. Tuseme kompyuta yenye anwani 192.168.1.10 inachapisha kwenye printa yenye 192.168.1.25, katika mtandao unaotambulishwa na mafungu matatu ya kwanza ya namba hizo. Zote zimo humo humo, kwa hiyo swichi inatosha. Kompyuta hiyo ikifungua tovuti, pakiti, yaani kifurushi cha data chenye anwani za IP, huenda kwa ruta, ambayo huondoa anwani ya mtumaji na kuweka ile ya umma, kwa kuwa anwani zinazoanza na 192.168 hazipitishwi kwenye intaneti.

Modemu haichagui njia. Hugeuza ishara za kompyuta ziweze kusafiri katika laini ya simu au kebo, na zinazorudi huzigeuza tena. Wengi huiita ruta, na si ajabu, maana kisanduku cha nyumbani mara nyingi hubeba modemu, ruta, swichi na kirusha Wi-Fi kwa pamoja. Kwa hiyo simu ikishika Wi-Fi vizuri ilhali hakuna tovuti inayofunguka, kusogea karibu na kisanduku hakusaidii. Hitilafu huenda iko upande wa ruta, modemu au laini yenyewe.